Mchoro Nyuma ya Machi

Urmas amechora bwawa nyuma ya mwezi Machi,
ukurasa alioukwanyua ukutani kabla mwezi haujaisha.
Nje, Viljandi bado imelaliwa na theluji kuukuu,
ile ya kijivu, yenye majivu ya jiko,
na mahali bwawa litakapokuwa
pamesimama koleo peke yake,
kama kibarua aliyeambiwa arudi kesho.

Lita elfu nne, ameandika. Samaki saba.
Chujio: lile pipa la matango ya chumvi.
Pampu ikae shimoni, karibu na uzio wa mashariki,
bomba lipande hadi kwenye jiwe kubwa,
mita moja na nusu juu ya uso wa maji,
kisha limwage kila kitu chini, kwa kelele.

Kwenye sanduku pampu inajisifu: lita elfu sita kwa saa.
Geuza sanduku, soma maandishi madogo.
Hizo ni lita za maji yasiyokwenda popote.
Maji hayapandi mlima bila kulipiwa:
kwa kila sentimita ya kupanda, toa;
kwa kila kiwiko, toa;
kwa ukoga utakaoota ndani ifikapo Julai, toa tena.
Tukatoa hadi penseli ikawa fupi.
Ikabaki nusu,
tukaitazama kama mshahara baada ya makato.

Na mstari ulionyooka, kutoka shimoni hadi kwenye jiwe,
unapita katikati ya rubabi za mavyaa.

Helju ana miaka themanini na minne.
Mboga hizo, mashina mekundu, machachu hadi sikio linasisimka,
alizileta kutoka shamba ambalo halikuwa lao tena,
ndani ya ndoo, ndoo mapajani, juu ya mkokoteni wa mtu.
Hakusema neno. Alikoroga chai aliyokwisha kuikoroga.

"Tutazizunguka," nikasema.
Urmas akapumua kwa pua. Kuzunguka ni viwiko viwili,
na kiwiko kimoja, jedwali linasema,
hula nguvu kama mita nzima ya bomba.
"Basi viwe vilegevu, digrii arobaini na tano.
Maji yapinde kama mtu anayempisha mwenziwe mlangoni,
si kama askari wa gwaride."

Ndipo Helju akaivuta karatasi.
Nilikuwa nimesahau: miaka thelathini na mmoja
katika kiwanda cha maziwa, zamu ya usiku,
kazi yake kuosha mabomba.
Akaweka kidole pale bomba lilipolala sawasawa.
"Hapa patalala maziwa."
"Maji, mama."
"Maziwa yakilala huchacha. Maji yakilala huganda.
Tofauti ni harufu tu."

Akaomba penseli. Akalipa bomba mteremko,
sentimita mbili kwa kila mita,
hadi kwenye kona ya chini kabisa, nyuma ya banda la kuni.
Hapo akachora valvu ndogo, akaizungushia duara mara tatu:
ifunguliwe kabla ya jalidi ya kwanza,
na atakayesahau
atalifukua bomba mwenyewe mwezi wa Aprili,
kipande kwa kipande, bila chai.

Urmas akauliza kama rubabi zingeweza, labda, kusogezwa kidogo.
Hakujibiwa.

Ardhi ni ngumu hadi kina cha mita moja na zaidi.
Hakuna wa kuchimba chochote kabla ya Mei.
Na upande wa pili wa mchoro, kwa kalamu ya bluu,
kuna miadi ya Helju na daktari wa macho,
tarehe ishirini na sita, saa nne asubuhi.
Kwa hiyo Machi imerudishwa ukutani kwa pini.
Asubuhi mavyaa huigeuza aone siku.
Jioni Urmas huigeuza aone maji.
Tundu la pini linazidi kupanuka.